Usingoje Mvua ya Machi Kutayarisha Bustani ya Jikoni

Kila mwaka, kuanzia sikukuu za Krismasi zinapokwisha hadi mvua ya masika inapoanza kugonga mabati mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mboga za majani huadimika katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira. Fungu la chinsaga ambalo mwezi Mei liliuzwa kwa bei ya kutupa sasa hutoshea kiganjani na bei yake hupanda, na mama mwenye watoto watano hujikuta akigawa mboga kwa kijiko. Jambo hili limezoeleka mno hata watu wengi huliona kuwa la kawaida kama kuchwa kwa jua. Mimi kama daktari sikubaliani na mazoea hayo, na leo ningependa kumweleza msomaji sababu zangu.

Katika nchi za Ulaya kuna majira ya baridi kali ambapo ardhi huganda. Mwenye bustani huko hukaa ndani akichambua mbegu, akinoa mikasi na kuandika ni tuta lipi litapandwa nini baridi ikiisha. Sisi hatuna theluji, bali tuna kiangazi chetu kifupi, na kasoro yetu ni kwamba tunakichukulia kuwa wakati wa kungoja. Tunangoja mvua. Nayo mvua inapokuja, kila jembe huwa shambani kwa mahindi na maharagwe, chai nayo huchipuka kwa kasi na kutaka kuchumwa, na bustani ya mboga hubaki kuwa kazi ya jioni ya mama aliyechoka. Ndiyo maana nasema kwamba bustani ya jikoni hutengenezwa Januari. Machi ni wakati wa kupanda tu.

Nitaanza na yale ninayoyaona katika chumba cha matibabu. Huja kina mama wanaolalamika kuwa wanachoka bila sababu, moyo unawadunda wakipanda mlima kutoka mtoni na kichwa kinawazunguka wakiinuka. Huja watoto ambao viganja vyao vimepauka, hawana hamu ya kucheza, na mama anasema kwa aibu kwamba mtoto anakula udongo. Huja pia waja wazito wanaotafuna ile mawe laini inayouzwa sokoni kwa jina la odowa. Kula udongo si tabia mbaya wala si uchawi. Aghalabu ni dalili kwamba mwili unakosa madini ya chuma, na udongo wenyewe huzidisha hasara kwa kuyazuia yale machache yaliyomo katika chakula yasifyonzwe na kwa kuleta mayai ya minyoo tumboni.

Sidai kwamba kila upungufu wa damu hutokana na kukosa mboga. Malaria huharibu damu, minyoo huinyonya, na hedhi nzito au uzazi wa karibu karibu huimaliza. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe na kutibiwa, asitumwe nyumbani kula managu. Hata hivyo, ninapomuuliza mama alichopika jana na juzi, jibu la Januari hufanana kila mara: ugali na chai, au ugali na maharagwe kidogo, na chai tena. Vijana wa mjini wameubatiza mwezi huu Njaanuari, nasi hucheka, lakini jina hilo lina ukweli wake. Karo, sare, vitabu na nauli ya wanafunzi wa bweni huja kwa pamoja. Na pesa zikipungua, kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni mboga na matunda, kwa sababu vitu hivi havishibishi. Tumbo haliulizi vitamini. Linauliza ugali.

Sasa tazama fumbo lenyewe. Mgeni anayekuja kutoka Ahero kupitia Sondu na Oyugis hushangaa anapoingia kwetu, maana milima yote ni kijani. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi za nyanda hizi, na ardhi hukubali karibu kila mmea. Akishuka katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii atakuta vilima vya ndizi na maparachichi vikipakiwa kwenda Nairobi. Hawezi kuelewa kwa nini katika nchi kama hii kuna mtoto aliyedumaa. Lakini wapo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 26, kwa hivyo tumepiga hatua, ila karibu mtoto mmoja katika kila watano bado ni mfupi kuliko umri wake unavyodai. Na wala tusijidanganye kwamba hao wote wanatoka sehemu kavu za kaskazini.

Sababu kubwa ni ardhi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba moja, na Nyamira zaidi ya 600. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Kufikia mwaka wa 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 3.4, lakini wale wana waliozaliwa enzi hizo walikwisha kugawiwa mashamba, nao wakawagawia wana wao. Leo kipande cha mtu mara nyingi ni ukanda mwembamba unaoshuka kutoka barabarani hadi mtoni. Na katika ukanda huo kuna chai, kuna mikaratusi, kuna nyasi za ng'ombe, kuna nyumba na makaburi ya wazee. Mboga imesukumwa hadi nyuma ya choo.

Hapa ndipo maoni yangu yanapoweza kuwaudhi baadhi ya wasomaji. Mikutano ya lishe huwaita kina mama, na vibao vya mafunzo ya bustani huchorwa picha ya mama ameshika jembe. Lakini anayeamua chai ianzie wapi na iishie wapi ni baba wa mji. Kumfundisha mama kulima bustani ambayo hana mahali pa kuilima ni kumwongezea huzuni. Kwa hivyo ninasema na wewe, bwana mwenye boma. Nenda ukapime mita 6 kwa mita 6 karibu na jikoni, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yanaweza kufika bila safari na kuku wanaweza kufukuzwa na mtu aliyeketi. Ikiwa ni lazima kung'oa chai ili kupata nafasi hiyo, ng'oa.

Najua unayotaka kuniambia, kwamba chai ndiyo inayolipa karo. Basi lete stakabadhi zako tufanye hesabu. Mita 6 kwa 6 ni mahali pa michai 40 hivi, kulingana na ulivyoipanda. Chukua kilo ulizopeleka kituoni mwaka mzima, uzigawanye kwa idadi ya michai yako yote, uzidishe kwa 40, kisha uzidishe kwa bei uliyolipwa pamoja na bonasi. Wachuma chai wa kwetu wanajua kwamba kwa miaka mingi bonasi ya upande huu imekuwa ndogo kuliko ile ya Mlima Kenya, na hayo ni mambo ambayo sitayaingilia leo. Andika jibu lako kwenye karatasi. Halafu upande wa pili wa karatasi andika kwamba nyumba inayonunua mboga za shilingi 50 tu kila siku hutumia shilingi 18,250 kwa mwaka. Linganisha. Sijaweka matunda humo, wala gharama ya kumleta mtoto hospitalini.

Kuhusu mikaratusi sitasema mengi. Mti huo unakunywa maji usiku na mchana na haufai kuwa jirani wa bustani wala wa chemchemi. Wenye kuupanda katika mabonde ndio hao hao wanaolia kwamba kisima kimekauka.

Baada ya kupata mahali, kazi za kiangazi zinaanza. Kisingizio cha kwanza ninachopewa ni maji, basi tuzungumze juu ya maji. Tuta la mita 1 kwa mita 4 linahitaji kama lita 20 kwa siku jua likiwa kali, yaani mtungi mmoja wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Nyumba ya watu sita humwaga zaidi ya hayo. Maji ya kuoshea mboga, mchele na maharagwe, na yale ya kusuuzia vyombo, yanaweza kwenda bustanini, mradi yamwagwe kwenye udongo wala si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo yasitumike, na ya kufulia nguo za mtoto mchanga kamwe yasifike kwenye mboga, kwa sababu yana vijidudu vya kuhara. Mwagilia alfajiri au jioni. Kisha funika udongo kwa matandazo ya majani makavu ya migomba, ambayo kwetu hayauzwi wala hayakosekani. Tuta lililofunikwa hubaki na unyevu kwa muda mrefu kuliko lililoachwa uchi.

Na mabati yako je? Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la mita mraba 40 likipigwa na mvua ya milimita 10, nayo kwetu hiyo ni mvua ya alasiri moja tu, hutiririsha kama lita 400. Januari ndio wakati wa kurekebisha mifereji ya paa na kuziba tangi linalovuja. Tangi au pipa lifunikwe vizuri ili mbu wasitage humo. Nyanda zetu za juu zilipigwa vikali na milipuko ya malaria katika miaka ya 1990, na watu wa huku hawana kinga waliyo nayo jirani zetu wa kando ya ziwa.

Kazi ya pili ni mbolea. Katakata vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa, changanya na maganda ya ndizi na viazi, majani, kinyesi cha ng'ombe na majivu kidogo, nyunyizia maji na ufunike. Pindua kila baada ya wiki mbili au tatu. Lundo lililoanzishwa baada ya Krismasi litakuwa tayari kama mwezi Aprili. Kwa upanzi wa Machi itakubidi utumie samadi ya zamani iliyooza hadi ikanuka udongo. Samadi mbichi huunguza miche, na mimi kama daktari naiogopa kwa sababu nyingine: ina vijidudu vinavyoweza kupanda na mboga hadi mezani. Mbolea ya choo cha watu isitumike kabisa katika mboga. Nimewatoa watoto minyoo mingi mno kuweza kunyamaza juu ya hilo.

Kazi ya tatu ni mbegu, na hapa nawaomba vijana waende kwa nyanya zao. Mwulize omong'ina yeyote aliyelima miaka ile atakuonyesha kikopo chenye mbegu za chinsaga, rinagu, emboga, omotere na malenge ambayo majani yake ndiyo risosa. Mbegu za chinsaga zina ukaidi wao. Zikipandwa mara tu baada ya kuvunwa nyingi hazioti, kwa kuwa hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kuamka. Kwa hivyo, zile unazovuna sasa maganda yakigeuka manjano, ziweke kwa ajili ya upanzi wa baadaye, na kwa Machi utafute za msimu uliopita. Rinagu, ambayo wenzetu huiita mnavu, vunja matunda yake yaliyoiva kabisa, yaoshe katika maji ili mbegu zitengane na nyama, kisha zianike kivulini. Hebu nitumie nafasi hii kuwaonya wenye watoto wadogo: matunda mabichi ya mnavu, yale ya kijani, yana sumu na yasiliwe. Enderema haihitaji mbegu. Kata kipande cha shina, kichomeke penye unyevu, nacho kitapanda ua lako na kukulisha kwa muda mrefu.

Enderema ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ya kiangazi. Ukiipa maji kidogo itaendelea kutoa majani wakati chinsaga imekwisha kuchanua na kukauka. Chinsaga haina subira, huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, na ukiipanda yote siku moja itachanua yote siku moja. Panda mstari mmoja, ungoje wiki mbili au tatu, panda mwingine. Hayo ndiyo mambo ya kuandika katika daftari wakati huu ambapo mikono ina nafasi. Chora bustani yako. Andika kila mwezi mtakula nini. Utagundua mara moja kwamba miezi ya Aprili hadi Julai imejaa na Januari ni tupu, na kwamba dawa ya Januari haiko Januari. Iko Oktoba. Sukuma wiki, kunde na enderema zilizopandwa mvua ya vuli ingalipo huwa zimetia mizizi mirefu Krismasi inapofika, nazo hustahimili kiangazi kwa maji ya jikoni. Kwa hivyo andika mwezi Oktoba kwa wino mwekundu.

Mwaka wa 2020, wakati wa korona, serikali ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni, na magunia ya mboga yakaota kila mahali kama uyoga. Sina ugomvi na gunia. Kwa mwenye kupanga chumba kimoja mjini Kisii, Keroka au Nyamira, gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye bomba la kokoto katikati la kusambazia maji na mashimo ubavuni, linaweza kutoa sukuma wiki kwa miezi mingi. Ila magunia mengi niliyoyaona yalikufa kiangazi cha kwanza kwa sababu hakuna aliyepewa zamu ya kuyamwagilia. Mpe mtoto mmoja gunia lake, na jina lake liandikwe hapo.

Nimezungumza mno juu ya majani, na matunda yananidai. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Viazi na mihogo havihesabiwi, na matoke ya kupika nayo ni chakula cha wanga, kwa hivyo msomaji wa Kisii asijihesabie ushindi wa bure. Kwa nyumba ya watu sita, hata tukiwapunguzia watoto, hiyo ni karibu kilo mbili kila siku. Bila miti ya matunda ndani ya boma hutazifikisha.

Miti hupandwa mvua ikianza, lakini shimo huchimbwa sasa. Chimba sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Weka udongo wa juu, ule mweusi, upande mmoja, na ule mwekundu wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza na uurudishe ndani ndio uwe wa kwanza kuguswa na mizizi. Shimo likikaa wazi kwa wiki kadhaa, jua huua wadudu wengi. Avokado ya kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Huo ni muda mrefu kwa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja, basi karibu na avokado panda papai, ambalo kwa kawaida huzaa mapema zaidi, ikiwa unakaa sehemu zenye joto kama Suneka na Ogembo. Wa Nyansiongo na Kiamokama, ambako baridi huuma, wataona afadhali matunda-damu na pasheni. Mipera hujiotea yenyewe kwenye ua na hatuiheshimu, ilhali pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa linaloletwa kwa lori.

Jambo moja kuhusu avokado. Kwa kuwa sasa lina soko la ng'ambo, nyumba nyingine huuza yote mazuri na kuwaachia watoto yaliyopondeka. Bakisha mti mmoja ambao hauna mteja. Vitamini A iliyomo katika mboga za majani, karoti na malenge huhitaji mafuta ili iingie mwilini, na kipande cha avokado kwenye sahani ya mtoto hufanya kazi hiyo bila gharama ya kijiko cha mafuta.

Migomba nayo ipunguzwe wakati huu: mama, mtoto na mjukuu wanatosha katika shina moja. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine, kwa sababu mnyauko wa bakteria husafiri kwa panga lako mwenyewe. Ua la dume lililoning'inia livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa chuma.

Kuna jambo linalonitia hofu kuliko kiangazi chenyewe, nalo ni dawa za kunyunyizia. Mboga zikiadimika na bei kupanda, wauzaji wengine hunyunyizia leo na kuvuna kesho. Kila chupa ina maandishi yanayosema ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, na siku hizo si mapambo. Katika bustani ya kulisha watoto wako huhitaji sumu kali. Vidukari vya chinsaga na sukuma wiki hupungua ukivipangusa kwa mkono, ukivinyunyizia maji ya sabuni kidogo au kumwaga majivu asubuhi majani yakiwa na umande. Ikibidi kutumia dawa ya dukani kwenye mahindi au nyanya, vaa nguo za mikono mirefu, usinyunyizie upepo ukivuma, na chupa tupu itobolewe, isiwekwe maziwa wala mafuta ya taa. Mtu akianza kutokwa na jasho jingi, mate na machozi, akatapika, akatetemeka misuli au kupumua kwa shida baada ya kunyunyizia, mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, na mkimbilie hospitali mkiwa na ile chupa mkononi ili tuone jina la dawa. Msimtapishe kwa nguvu, wala msipoteze wakati kutafuta maziwa.

Baada ya jasho lote hilo, mboga inaweza kupotelea jikoni. Chinsaga na rinagu ni chungu, na desturi yetu ni kuchemsha kwa muda mrefu, kumwaga maji, kuchemsha tena, kisha kutia maziwa na kuiacha siku mbili tatu. Maziwa ni mazuri na ladha yake naijua. Lakini yale maji yanayomwagwa yamebeba vitamini C na asidi ya foliki, ambayo mja mzito anaihitaji sana katika wiki za kwanza ili uti wa mgongo wa mtoto ujifunge sawasawa. Punguza uchungu kwa kuchanganya na emboga, kunde au enderema badala ya kumwaga maji, osha majani kabla ya kuyakata, na upike kwa muda mfupi. Magadi hulainisha mboga upesi na huua vitamini upesi vilevile.

Kisha kuna chai. Najua ninaongea na watu ambao chai ni jasho lao. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufunga madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe, na sehemu kubwa hutoka bila kufyonzwa. Acha ipite saa moja baada ya kula. Badala yake, mpe mtoto pera, papai au chungwa pamoja na ugali na mboga, maana vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia. Uji wa wimbi uliochachushwa nao ni bora kuliko ule mtamu, kwa kuwa kuchacha huondoa vizuizi vilivyo ndani ya nafaka.

Mtoto aanze kuonja mboga hizi akifika miezi sita, baada ya kunyonya maziwa ya mama pekee hadi hapo. Pondaponda majani laini ya enderema au malenge na viazi na umpe kwa kijiko. Aendelee kunyonya na apelekwe kliniki apate matone ya vitamini A kila miezi sita hadi afikishe miaka mitano. Mja mzito naye asiache vidonge vya damu anavyopewa kliniki eti kwa sababu ana bustani. Mahitaji yake ni makubwa kuliko sahani moja inavyoweza kubeba.

Wapo wachache wanaopaswa kuniuliza kwanza kabla ya kubadilisha mlo wao. Mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika sana anaweza kudhuriwa na potasiamu iliyo katika majani, ndizi na avokado. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asikae Januari bila mboga halafu ajaze sahani mwezi Aprili, kwa sababu vitamini K iliyo katika majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na aje apimwe damu kabla mvua haijaanza, akiwa ametuambia kwamba safari hii amelima.